Nani Alikuwa Akimsomea Umbali? Uchambuzi wa Kisa cha Progress M-34 na Kituo cha Mir

Tarehe 25 Juni 1997, saa 6:18 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, chombo cha mizigo cha Urusi kiitwacho Progress M-34, ambacho hakikuwa na mtu ndani, kiligonga kituo cha anga cha Mir kilichokuwa na watu watatu. Pigo liliangukia moduli ya Spektr, mojawapo ya sehemu zilizounganishwa kukiunda kituo: paneli yake ya jua ikaharibika, ganda lake likatoboka, na hewa ya kituo ikaanza kuvuja. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kosa la rubani, yaani kamanda wa Mir aliyekiongoza chombo hicho kwa mbali akiwa ndani ya kituo. Msimamo wangu ni tofauti. Rubani alinyimwa, kwa uamuzi uliofanywa ardhini na kwa sababu zinazoeleweka, vipimo viwili ambavyo bila hivyo hakuna mtu wala mashine inayoweza kutia gati (kukiunganisha chombo na kituo) kwa usalama, yaani umbali uliobaki na kasi ya kusogea. Ukishamnyima rubani vitu hivyo, swali la ustadi wake linakuwa dogo mno.

Kisa hiki nimekuwa nikikitumia kufundishia fizikia hapa Tanga, na aliyenifanya nikitazame upande huu ni mzee mmoja wa Chumbageni aliyestaafu unahodha wa tagi, meli ndogo inayosukuma na kuvuta meli kubwa bandarini. Wasomaji wa hapa wanajua kwamba kwa miaka mingi, kabla gati la Tanga halijachimbwa kina, meli kubwa zilitia nanga nje na shehena ikaletwa nchi kavu kwa matishari, kwa hiyo kazi ya kusogeza chombo ubavuni mwa chombo kingine ilikuwa kazi ya kila siku bandarini. Tulipomwalika azungumze na wanafunzi wa kidato cha sita, nilimsimulia mkasa wa Mir kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwalimu, huyo aliyeshika usukani, nani alikuwa akimsomea umbali?” Nikamjibu kwamba hakuna. Akaeleza kuwa kwenye tagi yake baharia mmoja alisimama mbele na kutamka mita zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa sababu aliyeko usukanini huona ubavu wa meli ukiwa mkubwa tu, asijue unakaribia kwa haraka gani. Swali lake ndilo nililolichukua kuwa kipimo cha uchambuzi huu.

Kwanza inafaa kueleza kwa nini kutia gati angani ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye picha za video, ambako vyombo viwili huonekana vikielea taratibu kama havina haraka. Mir ilizunguka dunia katika kimo cha kilomita takriban 390, umbali unaozidi kidogo safari ya barabara kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, ila ni wa kwenda juu. Mwinamo wa obiti yake, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, ulikuwa digrii 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo ilipita juu ya anga yetu kama kinavyopita leo Kituo cha Anga cha Kimataifa, ambacho kina mwinamo huohuo na ambacho wakazi wa Raskazone wanaweza kukiona magharibi ikiingia, kikivuka mbingu kama nyota isiyometameta. Kasi yake ilikuwa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, ambayo ingemfikisha mtu Pangani kutoka Tanga mjini kwa sekunde sita au saba. Chombo kinachokiendea hakina budi kuwa na kasi hiyohiyo, karibu kabisa, na katika mwelekeo uleule. Kinachobaki baada ya kutoa kasi moja katika nyingine ndicho anachokishughulikia rubani.

Tena kasi hiyo haitii mazoea ya barabarani. Rubani aliye nyuma ya kituo katika obiti ileile akiwasha injini kusukuma mbele, chombo chake hupanda kwenye obiti ya juu zaidi, na katika obiti ya juu mzunguko huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo baada ya muda hujikuta amebaki nyuma zaidi ya alipoanzia. James McDivitt wa Marekani alikutana na jambo hili Juni 1965 katika safari ya Gemini 4, alipojaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichomfikisha angani. Alitumia mafuta mengi na hakukifikia. Miezi tisa baadaye, tarehe 16 Machi 1966, Neil Armstrong na David Scott waliunganisha Gemini 8 na chombo cha Agena, na huo ndio ukawa muungano wa kwanza wa vyombo viwili angani. Tofauti kati ya safari hizo mbili haikuwa ushujaa. Gemini 8 ilikuwa na rada iliyoipa kompyuta yake umbali na kasi ya kukaribiana, na njia yake ilikuwa imekokotolewa tangu mwanzo.

Chombo kikiwa ndani ya mita mia chache za mwisho, hila za obiti hupungua nguvu na hesabu inakuwa karibu ya mstari mnyoofu. Hapo ndipo kasi ya kusogea inapotakiwa kushuka hadi sentimita chache au makumi machache ya sentimita kwa sekunde. Progress iliyopakiwa ina uzito wa tani saba hivi. Ikigusa kituo kwa mita 0.3 kwa sekunde, nishati mwendo yake ni jouli 315, kiasi ambacho vifaa vya kupunguza mshtuko kwenye mlango wa kuungania vinaweza kukimeza. Ikija kwa mita 3 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi inayotajwa katika maelezo ya ajali ya Mir, nishati hiyo inakuwa jouli 31,500, kwa kuwa kasi iliyoongezeka mara kumi huongeza nishati mara mia. Mita tatu kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole ufukweni. Wanafunzi wangu hawakuamini kwamba mwendo huo unaweza kutoboa kituo cha anga mpaka walipoikokotoa wenyewe.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Kwa kawaida Progress ilitia gati yenyewe kwa msaada wa mfumo wa rada uitwao Kurs, unaopima umbali, kasi na pembe kati ya chombo na kituo. Mfumo huo ulitengenezwa Kiev. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, kifaa kilichokuwa cha nyumbani kikawa bidhaa ya nchi nyingine, inayolipiwa kwa fedha ambazo shirika la anga la Urusi la miaka ile halikuwa nazo. Likaja wazo la kupunguza utegemezi wa Kurs na kutumia zaidi TORU, mfumo wa akiba ambao humwezesha mwanaanga aliye ndani ya kituo kukiongoza chombo cha mizigo kwa vijiti viwili vya mkononi, huku akitazama kwenye skrini picha inayoletwa na kamera iliyo kwenye chombo hicho. Sioni kosa katika wazo lenyewe. Taasisi iliyoishiwa fedha ina haki ya kutafuta njia ya bei nafuu, na TORU ilikuwa kifaa kizuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kuokoa hali pale Kurs inapokwama katika hatua za mwisho. Ila jaribio lilitaka kifanye zaidi ya hapo: kukileta chombo kutoka mbali hadi gatini kwa jicho la mtu.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 4 Machi 1997 kwa chombo cha Progress M-33. Skrini haikuonyesha picha. Kamanda Vasily Tsibliyev alijikuta ameshika vijiti vya chombo cha tani saba asichokiona, kikikijia kituo chake, na kwa bahati kikapita kando. Jambo ambalo lingetosha kusimamisha mpango mzima halikuusimamisha. Wataalamu ardhini walihisi kwamba mawimbi ya rada ya Kurs ndiyo yaliyoingilia picha ya kamera, na dawa waliyoichagua kwa jaribio la pili ilikuwa kuizima rada. Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Kwa kutatua tatizo la picha, waliondoa chanzo cha uhakika cha umbali na kasi, na mahali pake wakamwachia Tsibliyev saa, mistari ya gridi iliyochorwa kwenye skrini, na wenzake wawili ambao wangechungulia madirishani na kifaa cha mkononi cha kupimia umbali kwa leza, endapo wangekiona chombo.

Mistari ya gridi inastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyobeba mzigo wote. Rubani huhesabu picha ya kituo imejaza miraba mingapi, kisha hukisia umbali kutokana na ukubwa huo. Upana wa Mir, pamoja na viungo vyake, ulikuwa kama mita 30. Kwa umbali wa mita 1,000 kitu cha upana huo huonekana kwa pembe ya digrii 1.7, na kwa mita 900 pembe inakuwa digrii 1.9. Mita mia moja zimekwisha, na kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde zimechukua zaidi ya nusu dakika, lakini picha imekua kwa kiasi ambacho jicho lililochoka halikitambui. Chukua sasa mita mia nyingine karibu na gati: kwenye mita 100 pembe ni digrii 17, na kwenye mita 50 imeshakuwa digrii 33, na nusu hiyo ya safari kwa kasi ileile huchukua sekunde 17. Kwa maneno mengine, gridi humwambia rubani kwamba hakuna kinachobadilika katika muda wote ambao bado anaweza kufunga breki, halafu humpa habari zote kwa mkupuo wakati breki haisaidii tena. Kasoro ya kipimo cha namna hiyo haiwezi kutibiwa kwa kumtaka mtumiaji awe makini zaidi.

Siku ya tukio mambo mengine mawili yaliongeza ugumu. Njia iliyochaguliwa ilikileta chombo kutoka juu, kwa hiyo kamera ilikitazama kituo kikiwa na uso wa dunia nyuma yake, na dunia siku hiyo ilikuwa na mawingu meupe. Kutenganisha kituo cheupe na mawingu meupe kwenye skrini ndogo si kazi ya kuitarajia kwa mtu yeyote. La pili lilikuwa hali ya wahudumu wenyewe. Tsibliyev na mhandisi wake Aleksandr Lazutkin walikuwa wameruka tarehe 10 Februari, kwa hiyo mazoezi yao ya ardhini yalikuwa yamepita kwa zaidi ya miezi minne. Ndani ya miezi hiyo walikuwa wamepambana na moto uliozuka kwenye kifaa cha kuzalisha oksijeni tarehe 23 Februari, wakafuatiwa na uvujaji wa kimiminika cha kupoozea mitambo na mashine za hewa zilizokuwa zikiharibika kwa zamu. Mtu wa tatu, Michael Foale wa Marekani, alikuwa amefika Mei na alikuwa akilala ndani ya moduli ya Spektr.

Progress M-34 iliachanishwa na kituo tarehe 24 Juni, ikiwa imejaa takataka, na kesho yake ikaanza kurudishwa. Lazutkin na Foale walizunguka madirisha wakiitafuta na hawakuiona, kwa kuwa sehemu za kituo chenyewe ziliziba upande ilikotokea. Kifaa cha leza kilikuwepo, lakini leza hupima kile ambacho mtu amekielekezea, na hawakuwa na cha kukielekezea. Lazutkin alipokiona chombo hatimaye, kilikuwa karibu na kikija haraka, akampigia Foale kelele aende kwenye Soyuz, chombo chao cha kutorokea. Tsibliyev alifunga breki kwa nguvu zote zilizokuwapo na kujaribu kukipindisha chombo pembeni. Kilipita mahali kilipokusudiwa kutia gati na kuigonga Spektr.

Yaliyofuata yaliwapa sifa wanayostahili. Masikio yao yaliwaambia kwamba kanieneo ya hewa inashuka. Lazutkin alijua pigo limetokea wapi, kwa hiyo hawakupoteza muda kutafuta tundu kituo kizima, bali walikwenda moja kwa moja kuitenga Spektr. Mlango wake ulikuwa umepitiwa na nyaya nyingi, za umeme na za takwimu, na haukuweza kufungwa zikiwamo. Wakachomoa zilizochomoka na kukata kwa kisu zilizokataa, kisha wakaweka kifuniko ambacho tofauti ya hewa yenyewe ilikibana mahali pake. Kwa kukata nyaya hizo walikata pia umeme wa paneli za Spektr, karibu nusu ya umeme wa kituo, na kwa kuwa pigo lilikiacha kituo kikijizungusha, paneli zilizobaki hazikulielekea jua na betri zikaisha. Foale alikadiria kasi ya mzunguko kwa kunyoosha kidole gumba dirishani na kuhesabu nyota zinavyopita, Tsibliyev akawasha injini ndogo za Soyuz, na kwa majaribio ya kusahihisha kidogo kidogo wakafanikiwa kukirudisha kituo kwenye jua. Nawaomba wanaoshikilia kwamba wahudumu hawa hawakuwa na uwezo waisome sehemu hii mara mbili. Walipopata kipimo, hata cha kidole gumba, walikitumia vizuri.

Agosti mwaka ule waliwasili Anatoly Solovyev na Pavel Vinogradov, ambao waliingia ndani ya Spektr isiyo na hewa wakiwa wamevaa mavazi ya angani na kuunganisha nyaya kupitia kifuniko kipya kilichotengenezwa mahsusi, na sehemu kubwa ya umeme ikarudi. Moduli yenyewe haikujazwa hewa tena mpaka Mir iliposhushwa baharini tarehe 23 Machi 2001.

Tsibliyev na Lazutkin walirudi duniani tarehe 14 Agosti wakikuta lawama zinawasubiri, na baadhi zilitoka kwa wakubwa na kusemwa hadharani. Hoja yenye uzito zaidi dhidi ya Tsibliyev ni kwamba angeweza kukataa. Baada ya jaribio la Machi alijua hatari yake kuliko mtu yeyote aliye hai, na kamanda wa chombo ana haki ya kusema kazi hii haifanyiki. Kundi moja la wanafunzi wangu lilishikilia hoja hiyo kwa nguvu, na siwezi kuwaambia kwamba hawana msingi. Naipunguza uzito kwa jambo moja: mikataba ya wanaanga wa Urusi wakati ule ilikuwa na malipo ya ziada kwa kazi zilizofanikiwa na makato kwa zilizoharibika, kwa hiyo aliyetakiwa kukataa ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipia ukataaji wake. Hata hivyo naona ni vyema kusema kwamba historia haikumfungia mlango. Mwaka 2003 aliteuliwa kukiongoza kituo cha kufundishia wanaanga kinachobeba jina la Gagarin, na akakiongoza hadi 2009.

Ili kuupima msimamo wangu, nimetafuta visa viwili vya kuuweka pembeni yake, kimoja chenye mtu na vipimo, kingine chenye vipimo vibovu na bila mtu. Cha kwanza ni cha Juni 1985, wakati kituo cha Salyut 7 kilipokuwa kimezimika tangu Februari, bila umeme, bila kujibu redio, na bila kuweza kushirikiana na rada ya chombo chochote kinachokijia. Hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya Mir. Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh walipelekwa karibu kwa vipimo vya rada za ardhini, kisha Dzhanibekov akakiongoza chombo kwa mkono akitazama dirishani, huku umbali ukipimwa kwa leza ya mkononi na Savinykh akimsaidia kwa hesabu za umbali na kasi. Walisimama kwanza umbali wa mita 200, wakajiridhisha, kisha wakatia gati tarehe 8 Juni. Mzee wa Chumbageni nilipomsimulia hiki alicheka na kusema hao walikuwa na baharia wa mbele.

Cha pili ni chombo cha Marekani kiitwacho DART, kilichorushwa tarehe 15 Aprili 2005 kwenda kukisogelea setilaiti ya MUBLCOM bila mkono wa mtu yeyote. Kipokezi chake cha GPS kilitoa vipimo vya kasi vilivyokuwa na kosa la karibu mita 0.6 kwa sekunde, kompyuta ikawa haijui mahali ilipo, mafuta yakaisha kabla ya wakati kwa masahihisho yasiyo na maana, na chombo kikaigonga setilaiti. Hapo hapakuwa na uchovu, wala mkataba wenye makato, wala mazoezi yaliyosahaulika.

Vyombo vinavyokwenda kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa leo huja kwa njia ambazo injini zikizimika huvipitisha kando ya kituo, husimama kwenye vituo vya kusubiri vilivyopangwa, na haviingii ndani ya duara la mita 200 kuzunguka kituo bila ruhusa. TORU bado inatumika. Tarehe 17 Februari 2021 chombo cha Progress MS-16 kilipopata hitilafu kikiwa kimebakiza hatua za mwisho, Sergey Ryzhikov alishika vijiti vyake ndani ya kituo na kukitia gatini kwa mkono. Safari hiyo Kurs ilikuwa imewashwa, nayo ndiyo iliyokileta chombo mpaka pale alipokipokea.